Jina Alilolilia Mjukuu Wako

Nkuhungu, Dodoma
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Nakuamkia kwa karatasi kwa kuwa simu umeikataa. Ukiitikia marahaba huko mlimani, hata kama ni kimoyomoyo, mimi nitachukulia kwamba nimeitikiwa. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imesaidia, au umeitupa kabatini ukarudia mafuta ya kondoo? Na tangawizi je, mmeshavuna, au ukungu bado umewazuia? Huku kwetu ukungu hakuna. Kuna upepo na vumbi, ukianika shuka asubuhi, jioni unaanua shuka la rangi nyingine. Sisi tu wazima, kwa maana kwamba tunaamka na tunakula. Yaliyozidi hapo ndiyo yamenifanya niandike.

Elieshi mdogo wangu wa kike, wewe utakayemsomea Mama barua hii, nakuomba usiruke mstari hata mmoja. Nakujua. Ukifika mahali unapoona patamuudhi, utajifanya umepaliwa, kisha utahamia aya inayofuata. Soma yote. Mama akisema "acha, inatosha", mpe maji anywe, halafu uendelee.

Mama, mara ya mwisho tulipoongea ulisema maneno machache ukakata. Ulisema, "Kunyimwa jina ningevumilia. Lakini wewe umenivika, kisha umenivua mbele za watu." Tangu siku hiyo nikipiga, simu yako inaita mpaka inachoka. Sikulaumu. Nimekwenda na maneno hayo kazini Kizota, nachomelea mageti na grili za madirisha huku nayasikia. Kazi yetu ina nafuu moja: mtu akitokwa na machozi nyuma ya miwani nyeusi, wenzake wanadhani ni ule mwanga. Pale karakana wananitania kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe aendeshe kesi ya kuku, na kwamba mama yangu siku moja atatokea na wakili. Nacheka nao. Lakini kesi yako najua si ya kuku.

Ulichosikia wewe ni kwamba Wagogo wamemchukua mtoto wetu wakambadilisha jina. Nataka nikueleze ilivyokuwa, mwanzo hadi mwisho, kwa sababu hakuna aliyemchukua.

Wa kwanza kumwita mtoto kwa jina lako alikuwa mke wangu mwenyewe. Nilimweleza mila yetu kabla hata tumbo halijaonekana, kwamba binti wa kwanza huitwa kwa mama mzaa baba. Nikamweleza pia kwamba mimi ndiye mwanao wa kiume wa pekee, na kwamba dada zangu wote walioolewa mabinti wao wameitwa kwa mama wakwe zao, kwa hiyo jina la Nakundwa kama lina pa kupita, ni mlangoni kwangu tu. Akauliza maana yake nini. Nikamwambia kwa Kipare ni kama kusema "nimependwa". Akacheka kile kicheko chake cha kuziba mdomo kwa kanga.

"Basi mama mkwe alizaliwa kwa watu wenye raha zao," akasema. "Sisi kwetu mtoto anaitwa kwa kilichokuwepo siku hiyo. Mvua, njaa, safari, msiba. Uzaliwe ng'ombe amepotea uone utakavyoitwa."

"Mbona wewe unaitwa Sechelela?" nikamuuliza. Nilikuwa najua kwamba kwa Kigogo maana yake ni furahi.

"Mimi hilo nimerithi. Kamuulize Bibi." Akarudi kuchambua mlenda wake. Tangu siku hiyo akawa anaongea na tumbo lake: "Nakundwa, acha mateke, mama yako yuko jikoni." Kwa hiyo ujue, Mama, hakukunyima. Alikuwa anakuita kila siku, nawe huko hujui.

Yaliyofuata uliyaona kwa macho yako. Ulisafiri na goti lile mpaka Mpwapwa, ukakaa chini na akina mama wa kule mkiwa hamwelewani lugha, na tulipokuwa tunarudi kutoka makaburini kumzika mke wangu, wewe ndiye uliyekuwa umembeba mtoto. Ulimfunika kwa ncha ya kanga upepo usimpige, ukamwita, "Nakundwa mdogo." Ulitabasamu, Mama. Siku ile yote nilikuwa sijaona mtu akitabasamu. Niliiweka sura yako ile moyoni kama kitu cha kunisaidia kufika nyumbani, na ilinifikisha.

Bibi, yule mzee aliyemlea Sechelela tangu mama yake alipofariki, akahamia kwetu Nkuhungu kulea kitukuu chake. Alikuja na kibuyu, ungo na kigoda chake, kana kwamba Dodoma hakuna viti. Mchana nikiwa Kizota anasaidiwa na jirani yetu Mama Asha, mwanamke wa Tanga aliyehamia huku na wizara, ambaye akirudi ofisini anavua viatu mlangoni kwetu kabla hajafika kwake. Hao wawili ndio wamemshika mtoto wako wa kiume asianguke.

Basi mtoto akaanza kulia. Si kulia kwa njaa. Maziwa ya kopo alikuwa anakunywa vizuri. Jua likiinama tu, anaanza, na haachi mpaka ugali unapoepuliwa. Analia mpaka anakuwa mwekundu, vidole vimekunjwa. Tukienda kliniki wanampima, wanasema uzito mzuri, kifua safi, baba punguza wasiwasi. Mama Asha akaleta dawa ya gesi. "Baba Naku, hizi ni gesi tu, Asha wangu alikuwa hivihivi." Nilikuwa nimeshazoea kuitwa Baba Naku mtaa mzima, hadi muuza mkaa. Tulimpa dawa. Alilia.

Bibi alikuwa anamtazama tu. Jioni moja, anapepeta karanga, akaniambia bila kuinua uso, "Huyu analilia jina."

Nikamwambia, "Bibi, jina analo."

"Analo. Halijamkaa." Akapuliza maganda. "Mimi sigombani na mama yako, mkwe. Jina la mama yako ni jina la heshima. Ila wakubwa waliotangulia nao wana mtoto wao hapa, na hakuna aliyewauliza."

Nilikasirika, Mama. Nilimjibu kwamba mimi ni Mkristo, nimekua nikiimba kwaya, na mambo ya kuuliza marehemu siyataki nyumbani kwangu. Akaendelea kupepeta. Siku zikapita, mtoto analia, na mimi nikaanza kuchelewa kutoka kazini makusudi. Hilo naliona aibu kuliandika, lakini nilikuwa nashindwa kukaa kwenye nyumba ambamo mtu analia kwa niaba yangu.

Siku niliyokuwa nyumbani kwa homa ndipo nilipomuuliza Bibi habari za jina la mke wangu, ili tuongee tu, tusikae kimya. Akaniambia wa kwanza alikuwa mdogo wake, waliyechangia tumbo. Alizaliwa mwaka wa ukame, ng'ombe wanakufa wima zizini, na katika nyumba hiyohiyo watoto wengine walikuwa wamekwishazikwa. Majirani walikuja kumsalimia mzazi wakijua jina litakuwa la njaa, kwa sababu ndicho kilichokuwepo. Baba yao akatoka nje akampa mtoto jina hilo la furaha. Jirani mmoja akamuuliza kwa hasira, "Tufurahie nini?"

Mzee akamjibu, "Sijawaambia ninyi mfurahi. Nimemwambia yeye."

Bibi alipofika hapo alicheka kidogo. Akasema huyo mdogo wake alikua akawa mcheshi kuliko wote, akaolewa, akafariki bado kijana, na muda mfupi baadaye binti wa Bibi akajifungua mtoto wa kike. Nyumba ikiwa bado na msiba, mtoto akapewa jina la marehemu. Huyo ndiye niliyemwoa mimi. Nilimuuliza Bibi, "Kwa hiyo kila mwenye jina hilo amezaliwa watu wakilia?" Akasema, "Ndiyo. Ukimwambia mtu afurahi siku ya harusi, umemwambia nini?"

Lakini nikagundua kitu wakati anasimulia. Alisema "mdogo wangu", akasema "mama yake huyu", akasema "yule marehemu". Jina lenyewe mdomoni mwake halikutoka. Nikakumbuka kwamba tangu maziko sikuwahi kumsikia akilitaja. Na mimi pia, Mama. Nyumba yetu ilikuwa imejaa mambo yake, sufuria zake, maandishi yake ukutani ya siku za kliniki, na sisi wawili tunalizunguka jina lake kama kisima kisicho na mfuniko.

Ndipo nikamwambia Bibi afanye anachotaka kufanya.

Ilikuwa asubuhi, uani, jua limeshapasha ukuta. Bibi akakaa kwenye kigoda chake, mtoto mapajani, na maji ndani ya kibuyu. Mama Asha alisimama mlangoni na ushungi wake, nilidhani ataniona mjinga, akasema, "Hata kwetu Tanga haya yapo, usione haya." Kazi yenyewe ni ndogo. Bibi anachovya kidole kwenye maji, anakigusisha mdomoni mwa mtoto, anataja jina la mmoja wa kina mama waliotangulia, anasubiri. Mtoto akinyamaza na kukipokea kidole, jina limepatikana. Akilia, jina linaendelea mbele.

Mtoto alikuwa analia tangu walipokaa. Bibi akaanza na mama yake mzazi. Akaja kwa bibi zake, shangazi zake, wanawake ambao mimi sijawahi kuwasikia, kila mmoja kwa sauti ileile ya kubisha hodi. Mtoto anageuza uso, analia. Akamtaja binti yake, mama wa Sechelela. Mtoto analia. Kisha Bibi akasimamisha kidole juu ya maji.

Nikamwambia, "Bibi, bado mmoja."

"Najua."

"Mtaje."

Akanitazama. Macho yake ni ya uzee, yana ukungu, lakini yalinitazama. "Nikimtaja hapa, mkwe, nitakuwa nimemweka pamoja nao."

Mama Asha aliingia ndani kwake akafunga mlango taratibu. Tukakaa pale, mtoto analia, na mimi nikaelewa kwamba yule mzee alikuwa amemzika mjukuu wake kwa mikono tu. Kwa mdomo alikuwa bado. Wawili walioitwa jina hilo, mdogo wake na mjukuu wake, wote aliwazika yeye, na sasa nilikuwa namwomba awazike tena mbele yangu.

Akachovya kidole. Akasema, "Sechelela." Halafu akarudia kwa kuita kabisa, kama alivyokuwa akimwita kutoka shambani alipokuwa msichana: "Sechelelaa!"

Mtoto akakishika kile kidole akanyamaza.

Nisikudanganye. Labda alikuwa amechoka kulia. Mama Asha anashikilia mpaka leo kwamba gesi zilimtoka. Mimi sijui, wala sitaki kubishana na mchungaji kwa jambo nisilolijua. Ninachokijua ni kwamba Bibi alilia, kwa mara ya kwanza tangu Mpwapwa, kilio cha chini ambacho kilimtikisa mabega, na mtoto mapajani akawa anamtazama kimya kama anasikiliza habari. Nikasema, "Basi, ataitwa hivyo." Ni mimi niliyesema, Mama. Bibi alikuwa hawezi kusema lolote. Ukitaka wa kushtaki, mshtakiwa ni mwanao.

Ulimtuma Elieshi aniulize kwa nini nisimpe yote mawili, Sechelela na Nakundwa. Kabla sijajibu, kwenye simu yake nikakusikia wewe mwenyewe ukisema hapana, jina halitolewi kama nafasi ya kusimama kwenye basi. Ulisema kweli. Nami sikutaka kukupa nafasi ya kusimama.

Ila kuna jambo nimelifikiria sana hapa, nikasogea karibu na uchungu wako, nadhani nimeuona. Watu wote wa huko wanakuita Mama Elisante, kwa jina langu mimi. Waliokuwa wakikuita Nakundwa ni wazazi wako, na Baba. Hao wote hawapo. Ulitaka kabla hujafa usikie jina lako likiitwa tena uani, hata kama anayeitwa ni mwingine. Kama nimekosea utanisamehe. Kama sikukosea, najua sasa nimekunyima nini, kwa sababu ndicho hichohicho nilichokuwa nakililia mimi. Nilikuwa nimezoea kufungua geti na kuita jina la mke wangu kabla sijavua viatu, na mtu anaitika kutoka jikoni. Kumbe jina likikosa mtu, nyumba nzima inakosa pa kushika.

Sasa sikia, Mama. Mimi siwezi kukuita Nakundwa. Ungenichapa, na ningestahili. Hapa kwenyewe nimeliandika mara nyingi mpaka mkono unaona aibu. Lakini mjukuu ana ruhusa hiyo. Mjukuu anaweza kusimama mlangoni akakuita kwa jina lako, akakudai maembe, akakutania, na wewe ukafurahi. Kama angeitwa kwa jina lako, mngekuwa wote wawili mnaitwa, hakuna wa kuita. Hivi ilivyo, yeye utamwita Sechelela, naye atakuita Nakundwa. Atalijua kabla hajajua kuhesabu. Hilo nakuahidi.

Mwishoni mwa mwezi huu, Jumapili, anabatizwa. Mchungaji huuliza mtoto anaitwa nani, na anayejibu ni yule aliyembeba. Bibi amesema hatambeba. Amesema yeye ameshalitaja jina hilo kwa waliokufa, sasa anatakiwa mtu wa kulitaja kwa walio hai, na mtu huyo ni wewe. Hayo ni maneno yake, sikuyaongeza chumvi. Nakuomba uje. Usipokuja mtoto atabatizwa, lakini nitakapomtazama aliyembeba nitajua si wewe.

Nisalimie mama mdogo anayekuuzia tangawizi sokoni, mwambie kikapu chake ninacho bado. Nisalimie mjomba mkubwa, yule mzee wa kanisa, umwambie asitoe hukumu kabla hajanisikia. Dada zangu wote na shemeji zangu, na mabinti zao wenye majina ya bibi zao wa upande wa pili. Elieshi, asante kwa kusoma. Pole kwa koo.

Hapo nilikuwa nimemaliza, Mama, nikaikunja karatasi nikaenda dukani kununua bahasha. Sikukuambia kwamba pamoja na yote hayo, mimi mwenyewe jina lile nilikuwa sijaweza kulitamka. Nilikuwa namwita "mtoto", namwita "mzee", namwita "wewe". Bibi alikuwa ananisikia na hanisemi.

Sasa hivi nimerudi. Nimefungua geti, vumbi machoni, bahasha mkononi, akili iko kwako, na mdomo ukafanya ulichozoea. Nikaita, "Sechelela!"

Bibi akasimamisha ungo. Mimi nikashika geti, kwa sababu miguu ilikumbuka kwamba hakuna mtu jikoni. Na pale kwenye mkeka, mjukuu wako, ambaye juzijuzi ndio ameanza kukaa bila kuegemezwa, akageuza kichwa chote akanitazama.

Ameitika, Mama.

Mwanao anayekusubiri,
Baba Sechelela